Sarafu za Kale Zilizofukiwa Ardhini

Mvua kubwa ikiisha kunyesha, maji huchukua udongo wa juu, na mtoto anayefagia uwanja asubuhi huweza kuona kitu kidogo cha mviringo kikitokeza katika tope. Akikifuta kwa kidole huona herufi, na pengine katikati huona tundu. Ni sarafu ya zamani. Huenda ikawa senti kumi ya siku za Waingereza. Huenda ikawa heller kumi ya siku za Wadachi, iliyotumika Tanganyika kabla ya vita ya mwaka 1914. Fedha hiyo watu waliiita hela. Na ingawa Wadachi waliondoka zamani, jina la hela limebaki mpaka leo kuwa jina la fedha yo yote.

Sarafu ni kitu kidogo, lakini ina maneno mengi. Husema jina la mfalme au la nchi; husema bei yake; mara nyingi husema na mwaka ilipopigwa chapa. Walakini kuna neno moja ambalo sarafu haiwezi kulisema peke yake, nalo ni hili: imefikaje mahali hapa? Neno hilo halikuandikwa juu ya sarafu. Limeandikwa katika udongo unaoizunguka, na katika vitu vinavyolala pamoja nayo. Mtu aing'oaye ovyo huwa kama mtu aliyerarua barua asiisome, akabaki na stempu tu mkononi.

Katika nchi za Ulaya na Marekani wako watu wengi ambao siku zao za mapumziko huzitumia kutafuta sarafu za kale katika nyua za nyumba, bustani za miji na mashamba. Hawatafuti kwa macho tu. Wana chombo cha kutambua madini yaliyo chini ya ardhi. Chombo hicho ni kama fimbo ndefu. Chini kina sahani bapa, na ndani ya sahani mna nyuzi za shaba zilizozungushwa mara nyingi. Juu, karibu na mpini, kuna betri na kisanduku cha kuongozea umeme. Mtafutaji huvaa visikizio masikioni, akatembea polepole, huku akipitisha sahani karibu na ardhi, kushoto na kulia, kama mtu afyekaye majani.

Kazi ya chombo hicho si uchawi. Umeme wa betri hupita katika nyuzi zile ukienda na kurudi mara maelfu kwa kila sekunde. Ukipita hivyo hufanya nguvu ya sumaku, na nguvu hiyo huingia ardhini. Isipokuta madini, hakuna neno. Lakini ikikuta kipande cha shaba au cha fedha, huamsha ndani yake umeme mdogo sana. Umeme huo nao hutoa nguvu yake ya sumaku, nayo hurudi juu kama mwangwi urudivyo kutoka mlimani. Nyuzi nyingine zilizo katika sahani huipokea, na hapo chombo hulia masikioni mwa mtafutaji.

Madini hayalii namna moja. Chuma hutoa sauti yake na fedha sauti yake, na mtu aliyezoea huweza kukisia kama kilicho chini ni msumari au ni sarafu. Lakini hukisia tu. Kizibo cha chupa humdanganya hata fundi. Tena chombo hakioni mbali. Sarafu moja iliyozama zaidi ya shubiri moja, au kupita hapo kidogo, kwa kawaida haisikiki. Udongo wenye chuma kingi, kama ule mwekundu wa sehemu nyingi za Afrika, hukitatiza, na mchanga uliolowa maji ya bahari hukitatiza pia.

Chombo hiki kina historia yake. Mwaka 1881 Rais James Garfield wa Marekani alipigwa risasi, na madaktari hawakujua risasi imekaa wapi mwilini mwake. Alexander Graham Bell, yule aliyepata sifa kwa ajili ya simu, alijaribu kuitafuta kwa chombo cha namna hii. Hakufaulu. Husemwa kwamba sababu moja ilikuwa nyuzi za chuma zilizokuwa katika kitanda cha mgonjwa. Rais alikufa mwezi wa Septemba mwaka ule ule. Baadaye, katika vita kuu ya pili, Józef Kosacki, afisa wa jeshi la Poland, alitengeneza chombo cha kuchukuliwa mkononi, cha kutafutia mabomu yaliyofukiwa. Kilitumiwa huko El Alamein, katika nchi ya Misri, mwaka 1942, kikaokoa maisha ya askari wengi. Vita ilipokwisha, vyombo vya namna hiyo viliuzwa kwa watu, nao wakaanza kuvitumia kwa kutafuta sarafu.

Mtu aweza kuuliza: sarafu iliyoanguka juu ya ardhi huzamaje chini bila kuzikwa na mtu? Charles Darwin, mtaalamu wa Uingereza, alilieleza jambo hili katika kitabu alichokitoa mwaka huo huo wa 1881. Alionyesha kwamba nyungunyungu hula udongo wa chini na kuutoa juu, usiku na mchana, mwaka hata mwaka. Hivyo kitu kilicholala juu ya ardhi hufunikwa kidogo kidogo. Majani yakioza huongeza udongo, na vumbi na mafuriko huongeza pia. Basi kwa kawaida kilicho chini zaidi ni cha zamani zaidi, na kilicho juu ni cha juzi. Udongo ni kama kitabu kilichoandikwa kutoka chini kwenda juu.

Katika Marekani watafutaji hupenda nyua za nyumba za zamani. Kwanza hufikiri: watu wa nyumba hii walipita wapi, na walikaa wapi? Hutafuta kando ya njia itokayo mlangoni kwenda barabarani. Hutafuta chini ya mti mkubwa wenye kivuli. Hutafuta mahali palipoanikwa nguo, kwa kuwa sarafu zilidondoka kutoka mifukoni. Katika bustani za mji hutafuta karibu na viti na mahali watu walipokusanyika kusikiliza muziki. Huko hupata senti za shaba zenye picha ya masuke mawili ya ngano, zilizopigwa chapa tangu mwaka 1909 mpaka 1958. Pengine hupata sarafu za fedha halisi za senti kumi na za senti ishirini na tano, ambazo tangu chapa ya mwaka 1965 hazikutiwa fedha tena.

Watafutaji wenye adabu hushika desturi zao. Hawaingii katika ua wa mtu bila idhini ya mwenyewe. Katika bustani za mji huuliza kwanza kama sheria ya mji yawaruhusu. Katika mbuga na mahali pa historia palipowekwa na serikali kuu ya Marekani, mtu wa kawaida amekatazwa kabisa kutumia chombo hiki. Wakichimba penye majani, hukata pande tatu tu za pande la nyasi, wakalikunja kama kifuniko cha kitabu. Udongo huuweka juu ya kitambaa. Wakiisha kutoa sarafu hurudisha udongo wote, hulaza nyasi mahali pake, wakazikanyaga polepole. Apitaye kesho yake hajui kwamba pamechimbwa. Hawaisugui sarafu kwa mchanga wala kwa majivu, maana hufuta maandishi yake. Nao huandika katika daftari siku, mahali, na kina cha shimo.

Mfano mkubwa wa faida ya adabu hiyo ulionekana katika kijiji cha Hoxne, mashariki ya Uingereza, siku ya tarehe 16 Novemba mwaka 1992. Mkulima mmoja alikuwa amepoteza nyundo yake shambani. Akamwomba rafiki yake, mzee aliyekuwa zamani mtunza bustani, aitafute kwa chombo chake cha madini. Yule mzee akatembea shambani akisikiliza. Chombo kikalia kwa nguvu. Alipochimba hakuona nyundo. Aliona sarafu, na vijiko vya fedha, na mikufu ya dhahabu.

Hapo ndipo palipokuwa na jaribu. Shimo lilikuwa wazi, jua linakaribia kutua, na mali ilikuwa mbele yake. Wengine wangaliendelea kuchimba usiku kucha. Yeye hakufanya hivyo. Aliacha kuchimba, akalitoa jambo hilo kwa polisi na kwa wenye ardhi. Siku ya pili yake wataalamu wa mambo ya kale walifika, wakachimba kwa uangalifu, na mengine waliyatoa pamoja na mabonge ya udongo wake, wapate kuyafungua taratibu chumbani.

Kwa kuwa udongo haukuvurugwa, waliona mambo ambayo mtu mwenye pupa asingaliyaona. Waliona alama za sanduku la mbao lililokwisha kuoza, na ndani yake masanduku madogo. Waliona vikufuli vidogo vya fedha. Waliona mabaki ya majani makavu yaliyotiwa baina ya bakuli ili zisikwaruzane. Basi wakajua kwamba mali hii haikutupwa na wezi waliokimbia. Ilipangwa na mtu mtulivu aliyetumaini kurudi. Sarafu zilikuwa zaidi ya 14,000, za dhahabu na za fedha na chache za shaba. Mpya kuliko zote zilipigwa chapa mwaka 407 au 408. Kwa hiyo ilitambulikana kwamba hazina ilifukiwa baada ya hapo, wakati utawala wa Warumi ulipokuwa ukianguka katika Uingereza. Palikuwa pia na kikopo cha fedha chenye umbo la mwanamke, cha kutilia pilipili manga, kitu kilichotoka mbali, katika Bara Hindi, kwa njia ya bahari.

Hazina hiyo iliwekwa katika Makumbusho ya Uingereza mjini London. Mzee yule alipewa tuzo la pauni 1,750,000, naye aligawana na rafiki yake mkulima. Na ile nyundo? Ilionekana pia, nayo imewekwa katika makumbusho yayo hayo.

Lakini si wote wafanyao hivyo. Katika nchi hiyo hiyo ya Uingereza, mwaka 2015, watu wawili walipata hazina karibu na mji wa Leominster. Walikuwa na chombo kama cha yule mzee. Sheria ya mwaka 1996 iliwapasa kutoa habari katika siku kumi na nne. Walinyamaza, wakauza vitu kwa siri. Sarafu zilikisiwa kuwa kama 300. Zilipofika siku za hukumu, mwaka 2019, zilizokwisha kupatikana zilikuwa kama thelathini tu. Na hizo chache zilionyesha wafalme wawili wa zamani wakishirikiana, jambo ambalo historia ilikuwa karibu kulisahau. Zilizosalia zingalisema nini? Watu wale walitiwa gerezani kwa miaka mingi, lakini kifungo hakirudishi ushahidi uliopotea.

Mambo haya si ya Ulaya na Marekani tu. Pwani ya Afrika ya Mashariki ina sarafu zake za kale. Masultani wa Kilwa Kisiwani walipiga sarafu zao wenyewe za shaba, karne nyingi kabla Wareno hawajauteka mji huo mwaka 1505. Mmoja wa masultani hao alikuwa al-Hasan bin Sulaiman, ambaye msafiri Ibn Battuta alimkuta akitawala mwaka 1331. Upande mmoja wa sarafu huwa na jina la sultani. Upande wa pili huwa na maneno ya kumtegemea Mungu. Na pande hizo mbili hupatana kwa vina, kama shairi. Lakini hazikuandikwa mwaka. Basi mtu akitaka kujua ilitumika lini, hana budi kuuliza udongo.

Katika magofu ya Songo Mnara, kisiwa cha jirani, wataalamu waliochimba katika karne hii waliandika mahali pa sarafu walizozipata. Nyingine zilikuwa ndani ya nyumba. Nyingine zilikuwa penye makaburi. Kwa hiyo wakafahamu kwamba watu wa mji ule hawakutumia sarafu kwa kununulia tu. Huenda waliziweka pia kwa kuwakumbuka wazee wao. Neno hilo lilipatikana kwa sababu ya mahali. Kama sarafu zile zingaling'olewa na kutiwa mfukoni, zingalikuwa shaba tu.

Sarafu nyingine za Kilwa zilisafiri mbali sana. Mwaka 1944, wakati wa vita, askari mmoja wa jeshi la anga la Australia aliokota sarafu tisa katika mchanga wa kisiwa cha Marchinbar, kaskazini ya nchi hiyo. Nne zilikuwa za Waholanzi, na tano zilikuwa za Kilwa. Aliziweka miaka mingi, na mwaka 1979 akazipeleka zitazamwe na wataalamu. Ni nani aliyezivusha bahari hiyo kubwa? Je, ni mabaharia wa pwani? Je, ni Wareno, au wavuvi, au merikebu iliyovunjika? Hakuna ajuaye, kwa kuwa sarafu ziliokotwa bila kutazama zililala vipi na pamoja na nini. Lakini askari yule alifanya jambo moja jema: alitia alama katika ramani, mahali alipoziokota. Kwa ajili ya alama hiyo moja, mwaka 2013 wataalamu waliweza kwenda tena kisiwani kutafuta habari zake.

Hatari ya pupa iko Afrika ya Mashariki pia. Katika sehemu nyingi za Tanzania watu husimuliana kwamba Wadachi, walipokuwa wakishindwa katika vita ya 1914 mpaka 1918, walifukia dhahabu. Ni kweli kwamba mwaka 1916 walipiga chapa mjini Tabora sarafu za dhahabu za rupia kumi na tano, zenye picha ya tembo. Lakini kwa ajili ya masimulizi tu, watu wamechimba mashimo kando ya maboma na makaburi ya zamani, wakabomoa kuta zilizojengwa kwa jasho la babu zao. Mara nyingi hawapati kitu, na wakipata huuza gizani. Mali ya mtu mmoja huliwa mwaka mmoja. Habari iliyopotea ni hasara ya watu wote, hata wasiozaliwa.

Kwa hiyo serikali zimeweka sheria. Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na Kenya ina Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006. Hairuhusiwi kuchimba mahali pa kale pasipo kibali, na mtu avumbuaye kitu cha kale hupaswa kutoa habari.

Basi mtoto aonaye sarafu ya kale baada ya mvua afanyeje? Asichimbe zaidi. Aweke jiwe au kijiti mahali pale, atazame kuna nini kando yake: vigae, ushanga, mkaa au mfupa. Amwite mwalimu wake au mzee wa mji, nao watapeleka habari kwa wakuu. Aandike siku na mahali. Tena akiona kitu kizito cha chuma kilicholiwa na kutu, asikiguse kabisa, kwani pengine ni kombora la vita, na kombora halisahau kazi yake kwa sababu ya uzee.

Wazee walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Walisema hivyo kwa ajili ya wafanyaji biashara, lakini neno hilo lafaa pia kwa kila kilicholala ardhini. Sarafu yenye tundu iliyotupwa mfukoni itapotea tena baada ya siku chache. Sarafu ile ile, ikiandikiwa mahali pake na siku yake, huweza kuwafundisha watu waliokuja nyuma.